Hati ya pamoja inapogoma kwenye kivinjari: tafuta chanzo kabla hujafuta chochote

Katibu wa chama chetu cha walimu cha kuweka na kukopa aliandika muhtasari wa mkutano mkuu kwa saa tatu katika ukumbi usio na mtandao. Aliuandika kwenye Google Docs, akiwa amewasha matumizi ya nje ya mtandao kama alivyoelekezwa. Kesho yake ofisini hati ilichelewa kufunguka, na kijana aliyeitwa kusaidia akabonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, akachagua muda wote, akatia alama kwenye kila kisanduku, akafuta. Hati ikafunguka haraka kweli, lakini ndani yake mlikuwa na kichwa cha habari na ajenda mbili tu. "Mwalimu, yale ya jana siyaoni," aliniambia kwa simu. Nilipofika sikuwa na la kumrudishia, kwa sababu maandishi yale yalikuwa bado hayajafika kwenye seva: yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya kivinjari, mahali palepale palipofutwa.

Ushauri wa kufuta kila kitu umezoeleka kiasi kwamba hutolewa kabla mwenye tatizo hajaulizwa anaona nini kwenye kioo chake. Mara nyingine husaidia, na ndiyo sababu unaendelea kuaminiwa, ila huondoa pamoja na tatizo ushahidi wa chanzo chake, na siku mbaya huondoa kazi ya mtu. Katika mwongozo huu ninafuata njia nyingine: kuanza na dalili, kutafuta chanzo, na kurekebisha mpangilio mmoja unaohusika. Mfano wangu ni Google Docs, Hifadhi ya Google (Google Drive) na Google Meet, chombo cha mikutano ya video, kwa kuwa ndivyo vyombo vya kazi ya pamoja ambavyo vikundi vingi ninavyovisaidia hutumia, na maelezo yangu yanafuata Chrome kwenye Windows. Anayetumia Edge atakuta karibu kila kitu kinafanana, maana tangu Januari 2020 Edge imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome, uitwao Chromium. Pale Firefox au Safari zinapotofautiana, nitasema.

Maandishi hayahifadhiki, au mwenzako hayaoni

Tazama kwanza juu ya hati, kando ya jina lake. Hapo hutokea maneno mafupi ya kukuarifu kwamba hati inahifadhiwa, kisha kwamba imehifadhiwa kwenye Hifadhi. Watu wameandika ripoti nzima bila kuyatupia jicho maneno hayo, ilhali ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko vyote ulivyonavyo. Yakionyesha kwamba hati inajaribu kuunganishwa, usibonyeze F5 na usifunge kichupo. Kama hukuwasha matumizi ya nje ya mtandao, maneno uliyoandika tangu muunganisho ulipokatika yanakaa kwenye kumbukumbu ya kichupo hicho peke yake, na kupakia ukurasa upya ni kuyaacha yapotee. Bofya ndani ya hati, bonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl na C, ufungue Notepad au programu yoyote ya kuandikia, ubandike hapo na kuhifadhi. Kazi hiyo haimalizi nusu dakika, na baada yake unaweza kulishughulikia tatizo bila moyo kwenda mbio.

Baada ya hapo uliza kuhusu mtandao wenyewe, na usikubali jibu la "mtandao upo, WhatsApp inafanya kazi". Vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyouzwa na kampuni za simu huruhusu programu zilizotajwa kwenye kifurushi na kuziacha tovuti nyingine nje, kwa hiyo mtu anaweza kutuma picha kwa kikundi kizima huku hati yake imekwama. Fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua kwenye kompyuta hiyo. Ikikataa, tatizo haliko kwenye Google Docs wala kwenye kivinjari. Kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya ukumbi wa mikutano hali ni tofauti kidogo: umeunganishwa, lakini mwenye mtandao anataka kwanza uingize namba au ukubali masharti katika ukurasa wake, na ukurasa huo hauwezi kujitokeza unapofungua anwani iliyolindwa kwa usimbaji (inayoanza na https), kwa sababu kivinjari kinakataa kuelekezwa kwingine. Andika neverssl.com kwenye sehemu ya anwani. Tovuti hiyo imewekwa bila usimbaji kwa makusudi hayo, na ukurasa wa kuingilia utatokea.

Ikiwa wewe unaona hati imehifadhiwa na mwenzako anaapa kwamba haoni mabadiliko, usibishane naye kabla hamjalinganisha anwani. Baada ya docs.google.com/document/d/ kuna mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, nao ndio utambulisho wa hati hiyo. Someaneni kwa simu herufi kumi za mwanzo. Mara nyingi mtagundua kwamba mwenzako alitengeneza nakala, au alipakua faili akaibadilisha na kuipandisha upya, kwa hiyo sasa ziko hati mbili zenye jina moja na kila mmoja anafanya kazi kwenye yake kwa uaminifu kabisa. Kivinjari hapo hakina kosa. Mnachohitaji ni kuamua ipi ndiyo hati halali na kuipa ile nyingine jina jipya siku hiyohiyo.

Kwa wanaofanya kazi mahali ambapo mtandao hukatika, matumizi ya nje ya mtandao yana masharti yasiyosameheka. Yanahitaji Chrome au Edge. Firefox na Safari haziyawezi. Yanahitaji kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kiitwacho Google Docs Offline, nafasi ya kutosha kwenye diski, na dirisha la kawaida badala ya hali fiche (incognito). Huwashwa kwenye mipangilio ya Hifadhi ya Google wakati mtandao ungalipo, na huhusu kompyuta hiyo na wasifu huo wa kivinjari (profile) tu, si akaunti yako popote uendapo. Usiyawashe kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na kila mtu, kwa sababu hati zako zitabaki ndani yake zikisomeka hata ukiondoka. Na ukisharudi kwenye mtandao, fungua hati kwenye kompyuta ileile, usubiri mpaka maneno ya kuhifadhiwa yatokee, ndipo umruhusu mtu mwingine aiguse. Katibu wetu hakuipata nafasi hiyo ya kusubiri.

Jaribio la dirisha la hali fiche

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, fungua dirisha la hali fiche kwa Ctrl, Shift na N, na kwenye Firefox kwa Ctrl, Shift na P. Ingia katika akaunti yako humo na uifungue hati inayosumbua. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi vya zamani (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili ikutambue) na, usipokuwa umeruhusu vinginevyo, bila viendelezi, kwa hiyo hati ikifanya kazi humo umejua kwamba mtandao ni mzima, akaunti ni nzima na hati ni nzima. Kilichobaki ni kimoja kati ya viwili: kiendelezi, au data iliyoharibika ambayo kivinjari kimeihifadhi kwa ajili ya tovuti hiyo. Umepunguza eneo la kutafuta bila kufuta hata herufi moja.

Jaribio hili lina mtego ambao sijauona ukitajwa mara nyingi. Hali fiche ya Chrome huzuia vidakuzi vya watu wengine, yaani vya tovuti tofauti na ile uliyoifungua, hata kama dirisha lako la kawaida linaviruhusu. Basi kitu kinachovitegemea, kama vile kupakua faili fulani au programu ya nyongeza iliyopachikwa ndani ya hati, kinaweza kushindwa kwenye hali fiche na kufanya kazi kwenye dirisha la kawaida, nawe ukadhani tatizo limezidi. Kwa dalili za aina hiyo, tumia kivinjari kingine kabisa badala ya hali fiche. Kwenye iPhone hata hilo halitoshi: huku kwetu vivinjari vyote vya simu hizo hutumia injini ya WebKit ya Apple, yaani sehemu ya ndani inayochora kurasa, iwe vinaitwa Chrome au Firefox, kwa hiyo kuhama kutoka Safari kwenda Chrome hubadilisha mengi ya nje na kuacha injini ileile. Jaribu kwenye kompyuta au kwenye simu ya Android.

Umealikwa, lakini unaambiwa huna ruhusa

Dalili hii huleta ugomvi kwenye vikundi, kwa sababu aliyealikwa huamini ametengwa na aliyealika huamini mwenzake hajui kusoma. Chanzo chake kikubwa ni akaunti mbili ndani ya kivinjari kimoja. Google huiweka akaunti uliyoingia kwanza kuwa ya msingi, na kiungo kinachofunguliwa kutoka WhatsApp au barua pepe huelekea kwenye hiyo ya msingi hata kama mwaliko ulitumwa kwa nyingine. Kabla ya kubofya kitufe cha kuomba ruhusa, tazama picha au herufi iliyo kwenye kona ya juu kulia. Ukiibofya utaona anwani kamili ya barua pepe unayotumia wakati huo. Ukiona ni ile ya nyumbani na si ya kazini, badilisha hapohapo. Katika anwani ya Hifadhi utaona pia /u/0/ au /u/1/, ambayo ni namba ya akaunti kwa mpangilio ulioingia: sifuri ni ya kwanza, moja ni ya pili.

Mwenye hati naye ana njia ya kuligundua tatizo hilo akiwa upande wake. Ikiwa hati imewekwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo, mtu aliyealikwa kwa barua pepe yake huonekana kwa jina na picha, na aliyeingia bila kutambulika huonekana kama mnyama asiye na jina. Ukimwona mnyama kwenye kona wakati mwenzako anakuambia "nimo ndani", ujue hakuingia kwa akaunti uliyomwalika, na maoni atakayoandika hayatabeba jina lake. Katika kazi inayohitaji kumbukumbu ya nani alisema nini, jambo hilo si dogo.

Tiba ya kudumu ni kutenganisha wasifu. Bofya picha ya wasifu kwenye upau wa Chrome yenyewe, nje ya ukurasa, uongeze wasifu mpya kwa ajili ya kazi na kuupa rangi yake. Kila wasifu una vidakuzi vyake, viendelezi vyake na historia yake, kwa hiyo kiungo cha kazi kikifunguliwa katika dirisha la kazi hakina akaunti nyingine ya kukimbilia. Huwa nawasihi watu wafanye hivi siku ya kwanza, na wengi huja kuifanya baada ya kuchoka.

Kivinjari kinasema muunganisho si wa faragha

Ukiona onyo hili kwenye tovuti moja isiyojulikana, litii na uondoke. Ukiliona kwenye Google na kwenye kila tovuti nyingine kwa wakati mmoja, na chini yake pameandikwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, tazama saa ya kompyuta. Kila tovuti iliyolindwa hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, nacho kivinjari hukilinganisha na tarehe ya kompyuta yako. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya bapa, ile ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, imeisha nguvu, hupoteza tarehe kila umeme unapokatika na kurudi miaka kadhaa nyuma, na kwa mtazamo wake cheti cha leo ni cheti cha wakati ujao. Rekebisha saa, washa upangaji wa saa wa kiotomatiki, na tatizo likirudi baada ya kila mkatiko wa umeme, badilisha betri hiyo.

Hakikisha pia ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya ulimwengu. Nimekuta kompyuta ambazo mtu alirekebisha saa kwa mkono bila kugusa ukanda. Mshale ulionekana sawa, lakini mikutano kwenye kalenda ilisogea kwa saa 3 na historia ya hati ilionyesha mabadiliko yaliyofanywa usiku wa manane.

Onyo likihusu mtoaji wa cheti asiyeaminika badala ya tarehe, kagua programu ya kuzuia virusi. Baadhi yake huingia katikati ya mawasiliano yaliyosimbwa ili kuyachunguza, zikiweka cheti chao badala ya cha tovuti, na sasisho moja lililoenda kombo linatosha kukifanya kivinjari kisikitambue. Zima kipengele hicho cha uchunguzi kwenye mipangilio ya programu hiyo badala ya kubofya "endelea hata hivyo" kila siku.

Ukurasa mweupe, menyu zisizofunguka, maandishi yanayoacha vivuli

Google huhakikisha huduma hizi kwa toleo kuu la sasa na lile lililolitangulia la Chrome, Edge, Firefox na Safari. Ukizingatia kwamba Chrome imekuwa ikitoa toleo kuu takriban kila wiki 4, kivinjari kilichoachwa bila kusasishwa kwa mwaka mmoja kimebaki nyuma mno, hata kama kurasa za habari zinafunguka bila shida. Andika chrome://settings/help kwenye sehemu ya anwani, uone namba ya toleo na uache lisasishwe. Kompyuta ya Windows 7 au 8.1 itaishia toleo la 109, lililotolewa Januari 2023, na hakuna mpangilio utakaolisogeza mbele. Mwambie mwenye kompyuta ukweli huo mapema, kuliko kumzungusha wiki nzima. Opera Mini, ambayo watu huipenda kwa kubana data, nayo si ya kazi hii: katika hali yake ya kubana sana, ukurasa hutayarishwa kwenye seva za Opera na kukufikia ukiwa umeshakandamizwa, na uhariri wa hati wa moja kwa moja hauwezi kuishi katika mazingira hayo.

Kama toleo ni jipya na hali fiche inafanya kazi, washukiwa ni viendelezi. Mei 2021 Google ilitangaza kwamba Docs inabadilisha namna ya kuchora maandishi kwenye kioo: badala ya kila aya kuwa kipande cha ukurasa ambacho programu nyingine inaweza kukisoma, hati yote huchorwa kama picha inayobadilika. Viendelezi vya kusahihisha sarufi, kutafsiri au kusoma kwa sauti vilivyotegemea mfumo wa zamani vilihitaji kuandikwa upya, na ambavyo havikuandikwa upya husumbua mpaka leo. Fungua chrome://extensions, uzime vyote isipokuwa Google Docs Offline, upakie hati upya baada ya kuhakikisha imehifadhiwa. Ikipona, usiviwashe kimoja kimoja. Washa nusu yake. Tatizo likirudi, limo kwenye nusu hiyo, nawe uigawe tena. Kwa viendelezi 12, majaribio manne yanakufikisha kwa mkosaji.

Mistari inayotoweka unaposogeza ukurasa, vipande vyeusi, au kielekezi kinachoacha vivuli nyuma yake mara nyingi hutokana na kadi ya michoro ya zamani kushindwa kazi iliyokabidhiwa na kivinjari. Kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, kuna swichi ya kutumia uongezaji kasi wa michoro. Izime, ufunge Chrome na kuifungua tena.

Faili haipakuliki, au kubandika kunakataliwa

Unapobofya kupakua kwenye drive.google.com, faili yenyewe mara nyingi hutoka kwenye anwani nyingine, googleusercontent.com, na kwa kivinjari huyo ni mtu wa pembeni. Ikiwa umezuia vidakuzi vya watu wengine, seva ile inaweza kushindwa kukutambua, na kupakua kukaanza kisha kukafa bila maelezo. Kivinjari kikitofautiana na cha jirani yako, usishangae. Safari huvizuia vyote kwa kawaida tangu Machi 2020, Firefox huvitenga kila tovuti na chungu chake tangu Juni 2022, na Chrome, baada ya Google kutangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa, ilirudi nyuma Julai 2024 na kumwachia mtumiaji uamuzi. Sikushauri uviruhusu kila mahali, kwa kuwa kuvizuia kuna faida ya kweli kwa faragha yako. Nenda kwenye Faragha na usalama, sehemu ya vidakuzi vya watu wengine, uongeze [*.]googleusercontent.com na drive.google.com kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Faili nyingi zikipakuliwa kwa mkupuo, Chrome pia huuliza ruhusa mara moja, na aliyebofya kuzuia bila kusoma atakaa nayo hiyo mpaka aiondoe katika mipangilio ya tovuti.

Kubandika ni jambo dogo: menyu ya kubofya kulia ikikataa, Ctrl na V itakubali.

Kamera na maikrofoni kwenye mkutano

Kati ya sauti yako na masikio ya mwenzako kuna milango mitano, na kila mmoja una mlinzi wake. Kivinjari hutoa ruhusa kwa tovuti zilizolindwa kwa usimbaji tu, sharti ambalo Meet inalitimiza, kwa hiyo tuanze na milango iliyo mikononi mwako, tukitokea nje kuja ndani.

Wa kwanza ni wa kushikika: kifuniko kidogo kinachotelezeshwa mbele ya kamera, au kitufe kwenye kibodi chenye picha ya maikrofoni iliyopigwa mstari. Nimewahi kukaa na mwalimu mwenzangu dakika 20 tukibadilisha mipangilio, kumbe kifuniko kilikuwa kimesogezwa na mtoto wake. Wa pili ni Windows. Kwenye mipangilio yake ya faragha, kamera na maikrofoni kila moja ina ukurasa wake, na chini kabisa pana swichi ya programu za mezani, ambayo Chrome iko chini yake. Swichi hiyo ikizimwa, hakuna unachoweza kufanya ndani ya Chrome kikasaidia. Kwenye Mac ni vivyo hivyo, na kushiriki kioo kunahitaji ruhusa ya tatu ya kurekodi kioo, kisha kufunga kivinjari na kukifungua upya. Kwenye simu, usihangaike kushiriki kioo kupitia kivinjari. Tumia programu ya Meet.

Mlango wa tatu ni kivinjari. Ukiwa kwenye ukurasa wa Meet, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, uone kama kamera na maikrofoni zimeruhusiwa kwa tovuti hiyo. Mtu aliyewahi kubofya "zuia" kwa haraka hatauliziwa tena. Ukurasa utanyamaza tu. Wa nne ni programu nyingine iliyoishika kamera. Kwenye Windows, ukiacha programu nyingine ya mikutano ikiendelea nyuma ya pazia, kamera inaweza kukataa kwa maelezo kwamba imeshindwa kuanza. Ifunge kabisa, hata kwenye aikoni ndogo zilizo kando ya saa. Wa tano ni uchaguzi wa kifaa: kompyuta ikiunganishwa na spika za masikioni za Bluetooth zilizoachwa mfukoni, Meet inaweza kuzichagua, nawe ukawa unaongea na mfuko wako. Ukurasa wa kusubiri kabla ya kujiunga unakuonyesha picha yako na kifaa kilichochaguliwa. Fika hapo dakika 5 kabla ya mkutano.

Sauti inayokatikakatika ofisini huku ikiwa safi kwa data ya simu ina maelezo yake. Meet hupeleka sauti na picha kwa UDP, njia isiyosubiri kipande kilichopotea, kupitia mlango wa mtandao (port) wa namba 3478, na kifaa cha ofisi kilichofungwa kwa ukali kinaweza kuuzuia. Hapo Meet hurudi kwenye TCP, njia inayosubiri kila kipande kilichopotea kirudishwe, na mazungumzo huanza kuchelewa na kurukaruka. Mwenye mtandao aufungue mlango huo kwa mawasiliano yanayotoka. Wakati mnasubiri, kuzima kamera kunasaidia kuliko kuhamisha meza karibu na ruta.

Ikiwa kufuta hakuepukiki

Kuna nyakati data iliyohifadhiwa imeharibika kweli: hali fiche inafanya kazi, viendelezi vyote vimezimwa, na dirisha la kawaida bado linakwama kwenye hati ileile. Hapo futa, lakini kwa hatua. Anza kwa kupakia ukurasa bila kutumia akiba (cache), kwa Ctrl, Shift na R. Ikishindikana, futa picha na faili zilizo kwenye akiba peke yake. Hizo ni nakala za vitu vya tovuti, na kazi yako haimo. Kisanduku cha kuogopa ni kile cha vidakuzi na data nyingine ya tovuti, kwa sababu ndani ya hiyo "data nyingine" ndimo zinamokaa hati za nje ya mtandao ambazo hazijapanda.

Ukilazimika kufika huko, kwanza fungua kila hati iliyohaririwa bila mtandao, usome maneno ya kuhifadhiwa, kisha kwenye kompyuta nyingine au simu uifungue hati hiyohiyo na kuhakikisha aya ya mwisho ipo. Historia ya matoleo, inayofunguka kwa Ctrl, Alt, Shift na H, itakuonyesha saa ya badiliko la mwisho lililofika kwenye seva; ikiwa ni ya jana wakati wewe umeandika leo, simama. Ukisharidhika, usifute kwa tovuti zote. Andika chrome://settings/content/all, utafute docs.google.com, uifute hiyo tu. Tovuti nyingine hazitaguswa. Kisha fungua hati, na kama unatumia matumizi ya nje ya mtandao, hakikisha yamewaka tena na uyajaribu kwa kuzima Wi-Fi na kuifungua hati kabla hujasafiri.

Mwisho, ukikuta swichi yoyote niliyoitaja imefifia na haibofyeki, na kwenye menyu pameandikwa kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, kompyuta hiyo imewekewa sera na ofisi au shule. Andika chrome://policy, utaona orodha ya kilichofungwa kwa jina lake. Ipige picha orodha hiyo, uambatanishe namba ya toleo la Chrome, dalili uliyoiona na matokeo ya jaribio la hali fiche, umpelekee msimamizi wa mifumo. Atajua ni mstari upi wa kubadilisha, na hatalazimika kukuambia ufute kila kitu kwanza.